Wewe na mzee wako msinunue mashine moja

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 31, nafanya kazi ya ulinzi hapa Dar na kazini hawataki kuona ndevu. Nikipitisha wembe, siku ya pili tu shingo na chini ya taya panajaa vipele, vingine vinatunga usaha, vikikauka vinaacha weusi. Baba yangu naye amewekewa valvu ya chuma kwenye moyo na anakunywa warfarin, yeye vipele hana ila hospitali walimwambia aachane na wembe maana akijikata damu inachelewa kukata. Nimeenda Kariakoo nikaonyeshwa mashine tatu: ya vichwa vitatu vya duara, ya wavu, na hii ya kawaida ya meno. Muuzaji anasema ya wavu ndo kiboko, inanyoa mpaka kidevu kinateleza. Tuchukue ipi tutumie wote wawili?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na jibu halafu maelezo yafuate, maana wengine najua mnasoma mistari miwili mnaondoka. Wewe chukua ya meno, mzee mchukulie ya wavu, na kila mtu abaki na yake. Najua hiyo ni hela mara mbili, ila nyie mna matatizo mawili tofauti kabisa, yamekutana tu kwenye wembe, na mashine itakayomfaa mzee ndo hiyohiyo itakurudisha wewe kwenye vipele.

Tuanze na wewe. Hivyo vipele sio uchafu, sio wembe mbovu, wala sio "damu chafu" kama watu wanavyopenda kusema mtaani. Ni ndevu zako mwenyewe zinazorudi ndani ya ngozi. Sisi wengi wetu ndevu zinaota zimejipinda tangu kwenye shina, sasa ukizikata na wembe ile ncha inabaki imechongoka kama mwiba, ikianza kuota inapinda, inageuka, inachoma ngozi pembeni kidogo tu ya pale ilipotokea, mwili unaona kitu kigeni kimeingia unaanza kupambana nacho, ndo unapata uvimbe na usaha. Kuna na njia ya pili ambayo ni mbaya zaidi na inawapata wanaopenda kunyoa mpaka mwisho: unavuta ngozi na mkono mmoja, unapitisha wembe kinyume na zinakoelekea ndevu, ukiachia ngozi kile kipande kilichobaki kinazama chini, kikianza kuota hakifiki hata nje, kinatoboa ukuta wa kishimo chake humohumo ndani. Na viwembe hivi vya kisasa vyenye nyembe tatu, nne, tano zimepangana vinafanya kitu hichohicho hata usipovuta ngozi, kwa sababu wembe wa mbele unaunyanyua unywele na wa nyuma unaukata ukiwa bado umenyanyuliwa. Ndo maana unanunua kiwembe cha bei kubwa na vipele vinazidi.

Kwahiyo elewa hapa, we hutakiwi kidevu kinachoteleza. Kinachokuumiza ndo kilekile muuzaji anachokisifia. Unachotakiwa ni ndevu zilizokatwa zikabaki kidogo juu ya ngozi, kama nusu milimita mpaka milimita moja hivi, ili ncha isipate nafasi ya kurudi ndani.

Sasa angalia hizo mashine tatu kwa jicho hilo. Ya wavu, wengine wanaiita foili, ina kibati chembamba chenye matundu, ndevu zinaingia kwenye matundu na visu vinavyokimbia kushoto kulia chini yake vinazikata. Kile kibati unene wake haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita, yaani kati ya kisu na ngozi yako hakuna kitu cha maana, ndo maana inanyoa karibu na wembe kabisa. Ya vichwa vya duara ni fikra ileile ila visu vinazunguka. Ile ya meno, trima, ina vipande viwili vya chuma, cha chini kimetulia na cha juu ndo kinatembea, na ngozi yako inagusana na kile cha chini kilichotulia. Unene wa ncha ya hicho chuma cha chini ndo urefu wa ndevu zitakazobaki, kwenye trima nyingi bila kichana unakuta ni nusu milimita au pungufu kidogo, ambayo ni palepale tunapopataka. Ukivaa kichana cha plastiki cha milimita moja unakuwa salama zaidi, kwa wiki za mwanzo ningeanzia hapo.

Kuna nyingine ya kati kwa kati ambayo hukuonyeshwa, Philips OneBlade na zile za kuigiza mfumo wake, ilitoka 2016. Ina kisu kidogo cha meno pande zote mbili na hailambi ngozi kama wembe. Wagonjwa wangu wengi wenye vipele inawakubali, ila kile kisu chake ni cha kubadilisha, kampuni yenyewe inahesabu miezi minne kwa mtu anayenyoa mara mbili kwa wiki, kwahiyo kabla hujatoa hela uliza kwanza kisu cha akiba kinapatikana wapi na ni bei gani. Kama hakipatikani achana nayo, maana kisu butu kinavuta ndevu badala ya kukata na hapo umerudi nyumbani.

Ila hata ukinunua mashine nzuri kuliko zote usiiwashe leo. Kwa hali uliyoielezea, ya usaha, unatakiwa kwanza uache kunyoa kabisa wiki tatu mpaka nne. Najua kazi yako, ntarudi hapo mwishoni. Hizo wiki ni za kuziachia nywele zilizozama zirefuke mpaka zijivute zenyewe zitoke, na zinatoka kweli, watu hawaamini mpaka waone. Asubuhi na jioni weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kama dakika tano, halafu chukua mswaki laini mpya, sio ule wa mtu, sugua taratibu kwa mzunguko. Ukiona unywele umejikunja kama kitanzi juu ya ngozi, ncha zote mbili ziko ndani, unaweza kuunyanyua na sindano iliyopitishwa kwenye spiriti, UNAUNYANYUA TU usiung'oe, ukiung'oa unaotokea nyuma yake unakuja kuzama palepale. Na wiki ya kwanza vipele vinaweza kuongezeka, usikate tamaa ukakimbilia wembe.

Kitu kimoja nakuomba. Usiende duka la dawa ukasema "nipe kitu cha vipele", watakupa tyubu ya mchanganyiko, humo ndani kuna dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali, mara nyingi betamethasone au clobetasol. Siku tatu utaona maajabu, mwezi wa pili ngozi imekuwa nyembamba, imebadilika rangi, na vipele vimerudi na vingine vipya vya chunusi. Kama panawasha sana haidrokotisoni ya asilimia 1 siku chache inatosha. Weusi ulioachwa na vipele unafifia wenyewe kwa miezi ukiacha kupaumiza, mkorogo usiguse kabisa. Ila ukiona uvimbe mgumu unaokua, hasa kidevuni au kisogoni, au kwenu kuna watu wenye makovu yanayovimba, hiyo sio ya kusoma mtandaoni, nenda kliniki ya ngozi mapema kabla haijawa kubwa, maana makovu ya namna hiyo ukiyachelewa matibabu yake ni marefu.

Haya, ngozi imetulia, sasa kunyoa. Ndevu ziwe zimelainika kidogo, oga kwanza, jikaushe, halafu ndo unyoe, maana trima nyingi zinakata vizuri kwenye ndevu kavu. Pitisha kufuata zinakoelekea, na shingoni hapo usibahatishe, zungusha vidole uhisi, watu wengi chini ya koromeo ndevu zinalala kwenda pembeni au hata kupanda juu. Mkono mwingine uweke mfukoni, simaanishi utani, ukiuacha huru utavuta ngozi bila kujijua. Usikandamize. Pita mara moja, mbili basi, palipobaki paache pabaki. Kunyoa kila siku mbili tatu inatosha kwa wengi, na kama kazini wanabana sana unaweza kila siku ilimradi unabakiza ule urefu.

Na trima yenyewe namna ya kuichagua pale dukani. Mwambie aiwashe, ipitishe kwenye mkono wako, pale ngozi laini ndani ya kiwiko. Isikwaruze. Kama inaacha mistari myeupe hapo, shingoni itakuchana. Igeuze uangalie meno kwa karibu, ncha za meno ya chini zinatakiwa ziwe za mviringo kidogo, na meno ya juu yawe yamerudi nyuma kidogo ya yale ya chini, unauona ule mstari wa chuma cha chini umetangulia. Vinyozi wengi wanalegeza skrubu wanavisogeza mpaka vinalingana, ndo wanakwambia "nimeisetia ziro", inakata mstari mkali sana unapendeza siku hiyo, na kwa mtu kama wewe ni wembe uliovaa nguo za trima. Hizi ndogo za rangi ya dhahabu za bei rahisi zilizojaa kila kona, T9 na ndugu zake, zinakuja nyingine meno yamelingana toka kiwandani. Sikatai, zipo zinazofanya kazi, ila kagua moja moja. Iache iwake dakika tano mkononi, ikipata moto wa kusumbua, au ikinguruma badala ya kuvuma, rudisha. Betri iwe ya lithiamu, hizi zinapungua taratibu mwaka hata miwili, zile za zamani za nikeli zinaanza kukata nguvu katikati ya kunyoa, na mashine inayoishiwa nguvu inang'ata ndevu, nadhani unajua yale maumivu.

Kama una ndugu Marekani anakwambia atakutumia mashine ya kinyozi ya waya, mwambie asome kwanza maandishi ya chini. Ikiwa imeandikwa 120V 60Hz peke yake asiitume, umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde (ndo hiyo Hz), hizi zenye mota ya sumaku zitagonga kama chuma kinasagwa na kuungua, na hata ukitafuta transfoma ya kushusha volti ile mizunguko haibadiliki. Inayotakiwa imeandikwa 100-240V 50/60Hz. Ya kuchaji kwa USB haina shida hiyo, ila tumia chaja ya kawaida ya volti 5.

Sasa mzee. Yeye vipele hana kwahiyo kunyoa kwa karibu hakumdhuru, shida yake ni kukatwa. Warfarin haimfanyi akatike kirahisi, inafanya damu ichelewe kuganda, na mtu wa valvu ya chuma anakunywa hiyo dawa maisha yake yote, hakuna kupunguza wala kuruka dozi kwa ajili ya kunyoa. Nasema hivyo kwa sababu nimesikia watu wanaacha siku mbili kabla ya harusi ili wakanyolewe vizuri. Valvu ya chuma bila dawa inaweza kuganda damu, na hapo ni kiharusi au moyo kusimama. Ndevu ni za kurekebishwa zifuate dawa.

Kwa mzee napenda ya wavu kuliko ya duara, sababu ngozi ya mtu mzima inalegea hasa shingoni, na vile vichwa vinavyozunguka mtu akikandamiza vinaweza kuburuza ngozi laini, wakati wavu unatembea mstari ulionyooka na mkono wake unaelewa haraka. Ila kama ndevu zake za shingo zimelala lala kila upande zimekuwa ngumu kuingia kwenye matundu, ya duara inazikamata vizuri zaidi, hapo aijaribu mwenyewe. Na yeye, tofauti na wewe, anaruhusiwa kuvuta ngozi kidogo, tena anatakiwa, ili mikunjo isiingie kwenye mashine. Anyoe kila siku au kila baada ya siku moja, ndevu zikishafika siku nne tano wavu hauzishiki, unabaki unasugua ngozi bure mpaka inakuwa nyekundu ndani kwa ndani. Zikirefuka apunguze kwanza na trima. Na ampe uso wake wiki mbili mpaka nne za kuzoea, mwanzoni ataona haikati kama wembe atataka kuirudisha, mbembeleze.

Jambo la kumsimamia ni kile kibati. Kila wiki kitoe, kiinue juu usawa wa dirisha au taa uangalie kwa kukipitisha mwanga. Matundu yote yawe sawa. Ukiona sehemu moja mwanga unapita mkubwa zaidi au kuna kijipasuko hata kidogo kama kucha ya mtoto, hiyo siku hanyoi, kwa sababu pale ndo kisu kinapokutana na ngozi yake. Braun wanasema kubadilisha wavu na visu kila baada ya miezi 18 hivi, kwa hiyo swali lilelile la spea kabla ya kununua. Na asiangushe kichwa cha mashine kwenye sinki, hicho kibati kinapinda kirahisi. Kama anataka kuitumia bafuni iwe imeandikwa inaruhusiwa kwenye maji, ile alama ya IPX7 maana yake inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa, na nyingi za hivyo haziwaki kabisa zikiwa kwenye chaja, sio kwamba zimekufa.

Akijikwangua bahati mbaya, abonyeze na kitambaa safi dakika 10 mpaka 15 mfululizo, asifungue kila dakika kuchungulia. Lile jiwe la shabu la vinyozi linasaidia kwa mkwaruzo mdogo ila awe na lake. Majivu, kahawa, ugoro, hapana. Ikipita hapo damu bado inatoka nendeni hospitali, na waambie INR yake wapime, kile kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kiasi gani kuganda, maana mkwaruzo wa mashine ya wavu kutoa damu nusu saa inaweza kuwa dalili kwamba dawa imezidi, usikimbilie kuilaumu mashine. Na kidonda chochote cha usaha usoni kisikae, mtu wa valvu ya chuma bakteria wakiingia kwenye damu wanaweza kwenda kukaa kwenye ile valvu.

Hapo ndo unaona kwanini sitaki mchangie. Wewe una vipele vilivyo wazi vinavyotoa usaha na damu, yeye ana valvu. Hata bila hilo, virusi vya homa ya ini B vinaishi nje ya mwili kwenye chuma kikavu siku 7 na zaidi, na we kwa umri wako ulizaliwa kabla chanjo hiyo haijaingia kwenye chanjo za watoto hapa Tanzania, kwahiyo kapime, kama huna virusi kachanje, ni sindano tatu. Saluni nenda na mashine yako kwenye kifuko, hakuna kinyozi mwelewa atakayenuna. Mwambie kabla hajaanza, "bosi, wembe usipite, hata kwenye O", maana mkono wao una mazoea, anamaliza na mashine halafu unashtukia kiwembe kiko kisogoni. Skrabu na ile pamba ya spiriti kwenye vipele vibichi pia kataa, inachoma tu, haina inachotibu. Nyumbani piga brashi meno ya mashine, futa na spiriti ya asilimia 70, ikikauka weka tone la mafuta ya mashine, hapana sio ya kupikia, yanaganda.

Uliulizia pia? Hapana hukuulizia, ila najua utaambiwa kuhusu poda ya kunyolea, ile unakoroga na maji unapaka ndevu zinayeyuka. Inafanya kazi kwa vipele kweli, kwa sababu unywele unaoyeyuka hauachi ncha kali. Ila inaunguza. Ukizidisha dakika zilizoandikwa kwenye kopo utaamka na malengelenge, na kwenye ngozi yenye vidonda kama yako ya sasa usithubutu. Mzee ndo kabisa asiguse. Wenye uwezo na waliochoka kabisa wapo wanaokwenda kwenye leza, kwa ngozi nyeusi inayotakiwa ni ile ya Nd:YAG ya nanomita 1064, ukiambiwa ya aina nyingine uliza maswali mengi maana zinaweza kuunguza ngozi yetu.

Kuhusu kazini. Nenda kwenye kliniki ya ngozi, hospitali ya wilaya au ya mkoa, uandikiwe barua kwamba una ugonjwa wa vipele vya ndevu na unahitaji wiki nne bila kunyoa, na baada ya hapo unyoe kwa mashine tu. Peleka kwa msimamizi kabla hujaanza kufuga, sio siku anakuuliza gwarideni. Wengi wakiona ile shingo yenyewe hawabishi. Baada ya hizo wiki, nusu milimita ukiwa getini hakuna anayeiona kama ndevu, uso unaonekana umenyolewa vizuri tu, labda mtu aje akushike kidevu.